Kauli ya Kutendana

Mimi ni mkalimani wa korti ya Malindi.
Miaka ishirini na miwili nimesimama kati ya kizimba na meza ya jaji,
nikiwasemea wezi wa nazi, wagombea mipaka wa Ganda,
na Mtaliano aliyeuziwa nyumba ambayo ilishauzwa mara tatu.
Sina maoni. Nilikula kiapo kwamba sina.

Jumanne wakaja wanawake wawili na ombi la kurasa arubaini.
Dama Nyiro, muuza mbao wa Maweni.
Esha Bwanamkuu, mwalimu wa hesabu, aliyeruhusiwa kuketi
kwa kuwa amebaki na pafu moja.
Hawakumshtaki mtu. Waliishtaki sheria yenyewe,
ile isemayo ndoa ni ya mume na mke, nukta.

Feni ilikuwa imekufa.
Benchi la nyuma lilijaa: kina mama wa maombi,
vijana wa msikiti, mwandishi mmoja wa gazeti,
na mzee aliyekuja kwa kesi ya mbuzi, akakosea chumba,
akaona afadhali abaki.

Wakili wa serikali aliuliza polepole, kama mtu anayemenya chungwa:
"Kati yenu, nani alioa, nani aliolewa?"
Benchi likacheka. Jaji akagonga meza.
Nami nikaona swali lile linavyokaa vizuri katika lugha yangu,
mwanamume huoa, mwanamke huolewa,
sarufi imeshafunga mlango
kabla askari hajafika na kufuli.

Dama hakuinamisha uso.
"Hakuna aliyeoa. Hakuna aliyeolewa.
Tulioana."

Ana. Herufi tatu mwishoni mwa kitenzi.
Darasa la tano tulizifunzwa kwa fimbo:
piga, pigana; jua, juana; aga, agana.
Kauli ya kutendana, mtenda ndiye mtendwa,
hakuna anayekalia kichwa cha mwenziwe.
Nikageuka kwa jaji. Kwa Kiingereza neno ni moja,
halimjui aliyeposa wala aliyeposwa.
Nililitamka, likapita kama sarafu mkononi mwa karani.
Lile zito lilibaki upande wangu, likinitazama.

Kisha Esha akaulizwa, cheti ni cha nini,
si mnaishi, si mnakula?
Akasimulia hospitali, mwezi wa pili, na fomu,
na mstari ule: *uhusiano na mgonjwa*.
Dama aliandika "jirani".
Angeandika "dada" wangetaka kitambulisho.
Jirani akaambiwa asubiri nje ya lango.
Siku nne alilala juu ya boksi la friji lililokunjuliwa,
akihesabu vivuli vya wauguzi dirishani.

"Sisi ni watu wa kuzikana," Esha alisema.
"Nataka awe na ruhusa ya kunizika."

Sauti ikanikwama.
"Bwana Mkalimani?" jaji aliniita.
Nikaomba maji. Nikasema ni joto.

Mimi cheti ninacho. Kiko sandukuni chini ya mashuka ya wageni,
kona moja imeliwa na mchwa.
Mimi na mke wangu tumenuniana tangu Ijumaa
kwa ajili ya bili ya umeme,
na hakuna wakili aliyewahi kutuuliza
tunastahili vipi.

Hukumu itasomwa mwezi wa tisa.
Mzee wa mbuzi akasimama, akauliza kesi yake iko wapi.
Nilikusanya karatasi, nikafungua mlango wa nje.

Walikuwa wanashuka ngazi, watu wakiwaangalia.
Dama kabeba mkoba wa Esha, mkono wake hakuugusa.
Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu,
hadi ile ya mwisho iliyobomoka tangu mvua za mwaka juzi,
ambapo hata adui humpa adui mkono.

Hapo wakashikana.